Gari la Kumbebea Mama

Mpaka leo nikisikia mwanamume anasifu gari la kizamani, uzito wa bati lake na ngozi ya viti vyake, huwa nainuka nikaenda zangu. Si adabu, najua. Lakini mimi nimesafiri na gari la namna hiyo kutoka Rodesia mpaka kijijini kwetu Kurui, nikilala huku nalilaani na kuamka nikiliombea dua, na sina neno la kulisifu.

Lilikuwa gari la mzungu aliyemwajiri mume wangu katika mji wa migodi ya shaba. Mume wangu alikuwa dereva wake na fundi wake pia, maana gari lile halikutaka kuguswa na mtu mwingine. Hata wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, lilikuwa limekwisha kuwa kikongwe. Paa lake lilikuwa la turubai, magurudumu yake membamba na marefu yenye njiti za mbao, na injini haikuwaka mpaka uizungushe kwa hendeli. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia mume wangu lile gari. Wanawake wenzangu katika mitaa ya wafanyakazi walinipongeza. Mimi niliona nimeletewa mke mwenza.

Basi tukawa tunajiandaa kurudi nyumbani taratibu, hata akafika mtu wa Maneromango, karibu na kwetu, aliyekuja kutafuta kazi mgodini. Ndiye aliyeniletea habari ya mama. Alisema tumbo limemvimba, hali chakula, na mganga wa serikali pale Kisarawe amesema apelekwe hospitali kubwa Dar es Salaam akapasuliwe. Vijana wa Kurui walikuwa wamejaribu kumbeba na kitanda chake. Hawakufika mbali. Kila walipoteleza alipiga yowe, mwisho akawasihi wamrudishe ndani kwake. Malori ya wenye maduka hayakuwa yakifika Kurui wakati wa masika, na masika yalikuwa yameshaanza.

Nilitaka kuondoka siku ileile kwa basi, nikapande garimoshi huko mbele. Mume wangu akaniuliza nikifika peke yangu nitamfanyia nini mama yangu zaidi ya kumtazama. Akanionyesha yale magurudumu. Alisema magari ya siku hizi yana matumbo ya chini, yanakaa kwenye tope mara moja, lakini lile lilitengenezwa zamani kabla ya barabara, lina miguu mirefu, litapita hata pale lori linaposhindwa. Tungemlaza mama kiti cha nyuma, na kesho yake angekuwa mikononi mwa daktari. Kuanzia hapo gari lile likawa ndilo dawa ya mama yangu, na mtu haitukani dawa hata ikiwa chungu.

Tulifika Tunduma, mpakani, na hapo ndipo tulipokwama kwa mara ya kwanza. Karani wa forodha alikuwa kijana mstaarabu, lakini alitaka namba ya injini ifanane na namba ya kwenye cheti, nayo haikufanana, kwa sababu yule mzungu aliwahi kubadilisha injini bila kumwambia mtu. Mume wangu alisugua kile chuma kwa majivu na mafuta ya taa, labda chini ya uchafu kuna namba nyingine. Haikuwepo. Karani akasema yeye hana uwezo, tumngoje bwana mkubwa wake aliyekwenda Mbeya. Nilimweleza habari ya mama. Akasema pole sana, akaniletea kiti nikae kivulini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi lile tumbo la mama nililihisi ndani ya tumbo langu mwenyewe.

Bwana mkubwa aliporudi nilidhani tumepona. Kumbe alikuwa na ugonjwa uleule wa mume wangu. Alipoliona gari alivua kofia. Alilizunguka akilipapasa, akasema baba yake alikuwa na la namna ileile alipokuwa yeye mtoto, akapiga magoti kutazama chini yake, akaomba aliendeshe kidogo. Akaenda nalo. Akarudi, akampakia mkewe, akaenda nalo tena. Kisha akaleta kamera, wakapiga picha wamesimama mbele yake, na mimi nimekaa pale kwenye kiti cha karani nikitafuna upindo wa khanga yangu. Mwisho akamwambia mume wangu amwuzie. Tukikubali, yeye mwenyewe atatupandisha katika lori la serikali mpaka Mbeya.

Mume wangu alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu juu ya gari lile, na alikichagua kipindi kibaya. Nilitaka kusema muuzie, mpe, mtupie, twende. Lakini nilimwona mama katika kile kitanda, na vijana wakiteleza, nikasikia lile yowe. Nikatikisa kichwa. Bwana mkubwa hakukasirika. Alitupa kibali kilekile ambacho angeweza kutupa tangu alipofika, akatupungia mkono mpaka tukapotea. Mimi sikumpungia.

Sitaeleza njia yote. Toka Mbeya mpaka Iringa tulisukuma zaidi kuliko tulivyopanda. Kila mji tuliosimama wanaume walijaa wakalizunguka gari, wakauliza lilitengenezwa lini, linakula mafuta kiasi gani, na mume wangu akawajibu kila mmoja kwa ukamilifu, hata nikawa nambana kwa kiwiko. Nilikuwa nimechoka kulia. Nilikuwa nimefika pale ambapo mtu hawezi kuomba tena kwa maneno, anabaki kusema jina la Mungu tu kila gurudumu linapozama. Morogoro tulimkuta dereva wa lori anayekwenda pwani, tukampa salamu azifikishe Mlandizi, kutoka Mlandizi watu wa Mzenga wazipeleke Kurui: mwambieni mama tuko njiani na gari, avumilie.

Mto Ruvu tuliukuta umepanda juu ya daraja. Tukakaa ukingoni pamoja na wenye malori kungoja maji yashuke. Na pale, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, mume wangu akaanza kunichekesha kwa habari za mtani wetu.

Lazima nieleze habari za mtu huyu. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja ujanani kufanya kazi ya mkonge, akaishia Kurui akalima, nyumba yake imepakana na yetu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote na kukuchukulia lolote, na ukinuna wewe ndiye uliyevunja heshima. Huyu wetu aliitumia ruhusa yake yote. Siku ya harusi yangu alijilaza mlangoni amejifunika sanda, akisema nimemuua kwa kuolewa na mwingine, na hakuondoka mpaka alipopewa mguu wa mbuzi. Baba alipougua kifua, mtani alikuja na kamba kumpima urefu wa kaburi. Alipima, akalalamika kwamba baba ni mrefu mno, watu watachoka kuchimba. Baba alicheka mpaka akakohoa yale yaliyokuwa yamemziba, na Ijumaa iliyofuata akaenda msikitini kwa miguu yake. Baada ya hapo, pale kwetu, mgonjwa ambaye mtani hajaja kumzika ndiye tuliyemwogopea. Akija na kamba yake, tulijua mtu atapona.

Mimi alinitania kwa kicheko. Nacheka vibaya, kwa kuvuta pumzi ndani, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtani alikuwa akinicheka kwa kicheko changu mwenyewe, akiwa nyuma ya ukuta wa makuti, na mama akawa anaitika akidhani ni mimi. Nilikuwa nikimrushia makumbi ya nazi.

Maji yaliposhuka tukavuka. Tulipofika Mlandizi, kabla ya maduka, tukamwona mtu amesimama katikati ya barabara ameshika baiskeli, amerowa tope mpaka kiunoni. Mume wangu akaanza kucheka kabla hajakanyaga breki. Alikuwa mtani.

Hakutusalimu. Alikuja upande wangu, akashika mlango.

"Mtani," akasema, "mama yako anakata roho. Acha hili sanduku. Panda hapa nyuma nikupitishe Mzenga, kabla usiku haujaingia sana utakuwa naye."

Mume wangu akampigia makofi. Akamwambia miaka yote amekuwa akitafuta namna ya kumwibia mke, leo ndiyo ameipata, tena kwa baiskeli. Mtani akaapa. Lakini mtani alikuwa akiapa siku zote. Alipata kuapa mbele ya watu kwamba amemwona baba anaoshwa, na baba yuko ndani anakunywa uji. Akaweka mikono kichwani. Hata hiyo tulikuwa tunaijua.

Nami nikacheka. Ningewezaje kutocheka? Toka Rodesia nilikuwa nimebeba jiwe kifuani, na sasa amekuja mtu yule ambaye hawaziki ila wale wanaopona. Nilifikiri, mama ana nguvu za kutosha kutaniwa. Nilifikiri, ni yeye mwenyewe aliyemtuma. Nikamjibu kama anavyojibiwa mtani:

"Mwambie mama asife kabla hajakuzika wewe."

Akakaa chini pale barabarani, kwenye tope. Sisi tukazidi kucheka. Baada ya kitambo akainuka, akajipangusa uso, akanitazama toka kilemba mpaka viatu, taratibu, sehemu baada ya sehemu. Nikadhani anatafuta cha kunichekea katika mavazi ya Rodesia. Alipanda baiskeli yake akaingia njia ya Mzenga, na njia ile wakati wa masika gari halipiti, hata liwe na miguu ya twiga.

Nasema kweli, toka tulipoachana naye mpaka Misugusugu nilikuwa na raha ambayo sijapata kuwa nayo tena. Niliimba. Niliona mihogo ya watu ilivyostawi, nikaisifu. Niliona gari letu si baya. Tulipofika Misugusugu njiti za gurudumu moja zikavunjika, nasi tukateremka kwa mtu mmoja mkulima, mwenye nyumba ya udongo kando ya barabara. Mume wangu akanitazama kwa hofu, kwa kuwa safari nzima kilipovunjika kitu nilikuwa namgombeza mpaka kitengenezwe. Safari hii nikamwambia apumzike, fundi seremala atafutwe asubuhi. Mke wa yule mwenyeji alitupikia muhogo kwa nazi. Nilikula nikashiba, nikalala.

Asubuhi seremala alichonga njiti mpya za mninga, akazifunga kwa waya. Tukapita Tumbi na Kibaha, tukazunguka kwa Pugu, tukapanda vilima vya Kisarawe mchana. Udongo wa vilima vile ukirowa hushika mguu wa mtu ukabaki na kiatu. Tuliyapita malori mawili yamekaa pembeni, wenyewe wamekata tamaa wanapika chai. Gari letu lilipita. Lilinguruma, likatoa moshi, likapita. Mume wangu alisema kweli yote aliyoyasema juu ya gari lile.

Tulipoacha Maneromango nyuma tukaanza kukutana na watu wanakuja. Kwanza wanaume wachache wenye kofia na kanzu zilizopandishwa. Kisha wanawake, khanga zimefungwa viunoni, wanatembea bila kuzungumza. Walitupisha. Gari la ajabu kama lile linapita kijijini, na hapana mtoto aliyelikimbilia, hapana mtu aliyeuliza linatoka wapi. Katika kundi la mwisho nikamwona shangazi yangu. Aliniona, akajifunika uso.

Sikumngoja anieleze. Nilishuka gari likiwa bado linakwenda.

Mama alikufa alfajiri. Walimngoja binti yake mpaka adhuhuri, kwa kuwa mtani alisema yuko Mlandizi, tena mzima. Lakini maiti haingoji, hasa yenye tumbo lile, na walipoona kimya wakamswalia wakamzika. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, alama za viganja vya watu zinaonekana. Nilikaa pale mpaka waliponiondoa kwa nguvu.

Mume wangu alikuwa amelisimamisha gari mbele ya nyumba, kiti cha nyuma kimetandikwa blanketi na mito, tayari. Alilitandika Kisarawe, huku mimi nikimhimiza. Niliona ile mito, nikaingia jikoni kwa mama nikatoka na mchi. Nilivunja taa moja. Nilipoinua mchi kwa taa ya pili nikauacha uanguke. Mume wangu hakunizuia. Alikaa kwenye ubao wa kukanyagia, kichwa katikati ya magoti, na hicho ndicho kilichofanya nishindwe hata kumchukia.

Mtani alikuwa upande wa pili wa uwanja, ameegemea jembe. Kwa desturi watani ndio hushika jembe, na ndio huvuruga msiba: hukalia mafiga, huficha vyungu, humwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke wasitake. Yeye alichimba, akafukia, basi. Watu walikuwa wakimtazama wakimngoja aanze. Nilimwendea nikamshika kanzu.

"Kwa nini hukuniburuta?" nikamwuliza. "Kwa nini hukunivuta kwa nguvu?"

"Ningekuvuta ungecheka zaidi," akasema.

Nikaiachia kanzu yake. Wako watu waliosema alikosea yeye, angemtuma mtu mwingine. Nani? Baiskeli ilikuwa moja, na miguu ya kuiendesha njia ile masika ilikuwa ya kwake tu, naye mwenyewe hakuwa kijana. Wako waliosema tulikosea sisi. Anayesema hivyo hajaishi na mtani.

Tangu siku ile akaacha kunitania. Alikuwa akipita asubuhi anasema, "Hujambo, mama," nami najibu, "Shikamoo," naye, "Marahaba," anaendelea na njia yake. Nilikuwa nikibaki pale kizingitini na ile marahaba yake, nikitamani aniambie nimezeeka, nimekonda, mume wangu ameniacha kwa gari lake. Nilijaribu kumchokoza. Nilimwambia kwao wanakula panya. Akasema ni kweli, mama, wapo wanaokula.

Siku ya arobaini ya mama, baada ya khitma, watu walipokuwa wakila biriani uwanjani, alikuja ndani nilipokaa peke yangu nikikusanya vyombo. Alikaa karibu na mlango. Akasema kuna jambo hajaniambia, kwa kuwa hakujua nitalipokeaje, lakini si lake, ni la mama, hana haki ya kukaa nalo.

Alisema alipofika kutoka Mlandizi mama alikuwa bado anasikia. Akamwambia nimemwona binti yako. Amevaa gauni la maua ya manjano, kilemba chekundu, viatu vya kamba. Amenenepa kidogo. Yuko na mumewe, wanakuja na gari, watachelewa ila wanakuja.

"Hakuniamini," akasema mtani. "Aliniambia, hata leo unanitania? Nikaapa. Akasema, wewe huapa siku zote."

Nilikuwa nimeshika sinia. Nikaliweka chini.

"Basi nikamchekea kicheko chako," akasema. "Kama ulivyocheka pale barabarani. Akanyamaza, akasikiliza. Akasema, huyo ni mwanangu. Akasema, kama anacheka hivyo, basi hajaambiwa kwamba naumwa sana, na msimwambie. Akageukia ukutani."

Kisha nikamwomba anichekee na mimi. Alikataa. Nikamwambia ni mtani wangu, hana ruhusa ya kuninyima kitu. Akajifunika mdomo kwa upindo wa kanzu, akafumba macho, akacheka kwa kuvuta pumzi ndani, taratibu, mara mbili tatu.

Mume wangu, aliyekuwa nje ya ukuta anawanawisha wageni, akaniita kwa jina langu, akauliza nacheka nini.